Dirisha Linalotazama Kiwanda

Siku walipoondoa jukwaa la mwisho la ujenzi, nilisimama kwenye dirisha la baba nikingoja pazia licheze. Lilitulia tuli. Upepo ukikosekana, wa kulaumiwa ni mimi.

Ng'ambo ya barabara palikuwa na kiwanda cha sabuni. Baba alifanya kazi humo ujana wake wote; kikamwachia pumu, kisha kikafa kabla yake, na hilo alijisifia kwa kila mgeni. Kiwanja kikabaki gofu, udongo umelowa mafuta na dawa kali. Miti ikajiotea humo. Watu walipaona uchafu mtupu, lakini kila mchana, mtaa mzima ukitokota, upepo ulipita kwenye majani yale na kuingia kwa baba umepoa. Ndipo alipopata usingizi.

Kisha ofisi yetu ya usanifu majengo ikapewa kazi ya kupajenga upya, nami ndiye niliyechora: jengo moja refu, kona hadi kona. Nilimpelekea baba mchoro, kichwa kimenivimba.

Aliufuata kwa kidole. "Zuri, mwanangu. Sasa mimi nitapumulia wapi?"

Nikaukunja mchoro, nikarudi nao ofisini. Nilipomweleza mkuu wangu wa kazi, alicheka. "Tunawaondolea sumu kwenye udongo, bado wanataka na upepo?"

"Njoo tu umsalimie mzee," nikamwambia.

Alikuja mchana wa jua kali, tai imemkaba. Baba akampisha kwenye kiti cha dirishani. Hoja zangu zote nilikuwa nazo mdomoni. Nilipotoka jikoni na maji ya kunywa, mkuu alikuwa anakoroma.

"Usimwamshe," baba alininong'oneza, mabega yakimtikisika kwa kicheko. "Huyo ameshaelewa."

Alipoamka aliona haya, akaomba penseli. Jengo tukaligawa mawili, katikati tukaacha njia pana ya upepo. Udongo mchafu ulichimbwa ukaondolewa, na miti mikubwa tuliizunguka kwa uangalifu kama watu waliolala.

Lakini kwenye karatasi kila kitu hupumua. Ndiyo maana siku ile nilisimama pale nimebana pumzi, nikiwa na hofu kweli.

Baba alikohoa kitandani, nyuma yangu. "Mwanangu, sogea basi. Umenizibia, na pazia la watu umelikaba."

Nikautazama mkono wangu. Nikaliachia, likapaa mpaka kitandani kwake.