Mashua Yenye Magurudumu

Mashua inalala ku ziwa. Hata mutoto wa maternelle anajua ile. Mbuzi inalala mu kibanda, gari inalala mu parcelle, mashua inalala ku muchanga, imefungwa kamba ku muti, basi. Mais mimi Florentine, muke wa Maliro, muchuuzi wa samaki ku soko ya Butembo, nimezungusha mashua mu milima mwaka muzima nikiitafutia fasi ya kulala. Donc mutanisamehe kama ninaongea na kasirani.

Maliro aliitengeneza yeye mwenyewe, na mbao ya libuyu, metre ine ya urefu. Aliitia tanga, juu essence ni bei na moteur inaibwa. Ile tanga ni bâche ya bluu tu, ya kufunika muzigo, na vile ya kuishika alifundishwa na Valentin, mwalimu wa kutoka Kalemie mwenye Serikali ilimutuma kufundisha kwetu Kyavinyonge, kijiji yetu ya ku ziwa. Kwabo Tanganyika batu banajua upepo. Ile yote niliikubali. Kitu sikukubali ni magurudumu. Alinunua essieu ya Hiace yenye ilikuwa imeshakufa, akaunganisha vyuma, akatengeneza remorque, gari ya kuvutwa nyuma ya ingine, akaweka mashua juu yake. Batu ya quartier bakaanza kumuuliza kama inabeba abiria.

Sababu ninaijua. Miaka tatu imepita, bunduki zililia Kyavinyonge, tukapanda mulima sisi wote: Maliro, mimi, batoto, mama yake Kavuo, na mudogo wake Kitsa. Tulikuwa tumeshafika juu, tumeshaanza kupumua. Njo Kitsa akageuka. Alisema pirogue ya baba, ile mashua yake ya kuvua, haiwezi kubaki pale wezi baichukue. "Dakika kumi," alisema, akashuka. Tulimuzika kisha ya siku ine, na pirogue hatukuiona tena. Sisi tukabaki Butembo, Mama Kavuo akarudi Masereka kwenye alizaliwa. Na Maliro akaapa kama mashua yake haitabaki nyuma tena hata siku moja. Siku ya kukimbia, itakimbia pamoja naye. Mwenye aliumwa na nyoka anakimbia hata kamba, ninaelewa. Mais mimi niliolewa na muvuvi, sikuolewa na dereva.

Tena kulikuwa namba. Kyavinyonge kila pirogue iko na namba yake, na chama ya bavuvi haitoe namba mupya. Yetu ni 41, ilikuwa ya baba yake Maliro. Kila mwaka ziwa inafungwa miezi mbili juu samaki izale. Siku ya kufungua, saa kumi na mbili ya asubuhi, secrétaire Ananie anatembea ku muchanga na daftari yake, anahesabu. Namba yenye haina pirogue, anaipatia mwengine mwenye anangoja, na benye kungoja ni wengi. Mwaka jana na mwaka juzi alituhurumia. "Maman Florentine," aliniambia, "mara ya tatu hapana." Kama namba inaenda, Maliro atazeeka akitengeneza milango ya batu Butembo, na mimi nitazeeka nikibembeleza bavuvi ya wengine juu baniuzishie samaki.

Basi tukatafuta fasi. Kwetu Butembo tunapanga, na mashua ilifunga njia ya choo. Jirani yetu Simone akaanza kuanika nguo ya batoto ku mulingoti, na mwenye parcelle akatupatia posho moja tu, siku saba, ya kuitosha mu parcelle yake. Tukaipeleka ku paroisse. Padri alikubali vizuri, mupaka siku ya harusi bibi harusi alipanda ndani kupiga picha, musumari ikapasua robe, na mama yake akalia kupita siku ya matanga. Tukaitosha tena. Maliro akaanza kuniambia habari ya garage ya muyomba wake kule Beni. Nilisema hapana mbele amalize, juu Beni na ile barabara yake, mimi sina roho mbili.

"Tuipeleke Masereka kwa Mama," akasema.

Masereka haiko hata njia ya kwenda ku ziwa. Ni mulima, ni baridi, ni viazi na poireaux mupaka kwenye macho inaishia. Nilimuuliza mashua itavua nini mu viazi.

"Kule ni salama," akajibu.

Ile neno salama nilikuwa nimeichoka. Lakini ziwa ilikuwa imefungwa, nikanyamaza, mashua ikapanda Masereka. Kwa siku za kisha, Maliro alikuwa na mupango wake. Saison ikianza, itashuka Kyavinyonge, mais haitalala ku muchanga. Kila magaribi ataipandisha juu ya remorque, ataisukuma mupaka ku barabara, ilale pale tayari na bâche yake na kamba yake. Kila magaribi, metre ine ya libuyu yenye kulowana. Nilimuambia bavuvi batamucheka. Akasema bacheke.

Siku ya Mungu, kesho yake ziwa inafunguliwa, tulifika Masereka na camion ya Jordy, dereva mwenye tulikodi, kuchukua mashua. Jordy alikuwa na haraka, aliacha moteur inalia. Mama Kavuo alikuwa amekaa mbele ya hangar, banda yake ya viazi, anapasua maharagi. Nyuma yake mashua yetu ilikuwa imejaa viazi. Si kikapu mbili, si kikapu tatu. Ilikuwa imejaa mupaka juu, na majani ya kukauka imefunika, na magurudumu ya Hiace imezama mu udongo sababu ya uzito.

Tulimusalimia. Aliuliza batoto, aliuliza mukohozi ya Ornella, yule wetu wa mwisho. Kisha nikauliza ile kitu ni nini.

"Ni mbegu," akasema. "Inaota. Mbegu yenye inaota hapana kuisogeza, itavunjika macho. Mungoje mwezi moja. Nikishapanda, mutachukua kitu yenu."

Ile ni kweli. Hata mimi nilizaliwa ku shamba ya viazi, ninajua kama mbegu yenye imelazwa haiguswe. Na mu mashua yote ya dunia, ni mu yetu tu mutu anaweza kulaza mbegu ya viazi. Nikamuangalia Maliro. Alikuwa amesimama pale, kofia mu mukono.

"Baba Ornella," nikasema, "kesho saa kumi na mbili."

"Ni mbegu ya Mama," akajibu polepole. "Ikivunjika, atakula nini?"

Namba ya baba yake inakufa kesho asubuhi, na yeye anaogopa kuvunja kiazi. Nilifunga kitenge vizuri, nikachukua kikapu, nikaanza kutosha viazi mimi mwenyewe. Mama mukwe hakunizuia. Ile njo ingepaswa kunishangaza mara moja, mais mutu wa kasirani haone.

Ku kikapu ya tatu mikono yangu ikaona. Mbegu ni kadogo, kama yai ya kuku, na inatoa macho. Hizi zilikuwa kubwa, laini, bila jicho hata moja. Zingine jembe ilikuwa imezikata mu kuvuna, na zenye kukatwa hakuna mukulima mwenye anaziweka kwa mbegu. Nikainua kichwa. Nyuma ya nyumba shamba yake ilikuwa imeshaota yote, majani ya kijani, mistari safi.

"Mama," nikasema, "umeshapanda."

Akaendelea na maharagi yake.

"Hii haiko mbegu, Mama. Hii ni ya kula. Na nusu yake hata nguruwe itakataa."

"Ninajua," akasema.

Jordy alizima moteur. Maliro akakaribia, akachukua kiazi moja, akaigeuza mu mukono.

"Nilijua mutakuja," Mama Kavuo akasema. "Kuvuta ile gari yenu siwezi. Kukataza mwanaume mwenye batoto siwezi. Niko na viazi tu."

Kasirani yangu ikakosa fasi ya kukaa. Nilikaa chini, juu ya majani. Nilimuambia namba itapotea. Akasema ipotee. Nilimuambia ni namba ya bwana yake. Akasema bwana yake alikufa mu kitanda, na hakumuomba kuchunga namba, alimuomba kuchunga batoto, na yeye Mama alichunga moja tu.

"Lakini Mama," Maliro akasema, "njo juu ya ile nilitia magurudumu. Haitabaki tena. Bunduki ikilia, ninaifunga ku gari yenye itakuwa pale, ninapanda nayo. Nilishapima kufunga. Dakika kumi inatosha."

Mikono ya Mama Kavuo ikasimama mu maharagi. Yeye Maliro pia alisikia kitu yenye ilitoka mu kinywa yake. Ilikuwa neno ya Kitsa, ile ile, na sisi watatu tulikuwa pale ku mulima siku Kitsa aliisema. Maliro akakaa ku ubavu wa remorque, akafunika uso na kofia.

Mimi mwaka muzima nilikuwa ninagombana na remorque sababu ya kicheko ya batu, sababu ya njia ya choo, sababu ya harusi ya mutu. Sikuwaza hata mara moja kama mashua yenye inaweza kukimbia njo itamurudisha chini. Yenye haiwezi, mutu anaiacha. Nilijisikia mujinga, na nikasimama haraka juu nisilie mbele ya Jordy.

"Jordy," nikasema, "uko na clé ya kufungulia mashua ku remorque?"

Alikuwa nayo.

"Mashua itaenda mu camion, bila remorque. Itafungwa ku muti kama ya wengine. Remorque inabaki hapa." Nikageukia bwana yangu. "Na siku ya kukimbia, mashua inabaki. Muambie Mama."

Akatosha kofia ku uso. "Itabaki," akasema.

"Muambie yeye, hapana mimi."

"Mama, itabaki. Sitashuka. Hata namba ibaki, sitashuka."

Mama Kavuo alimuangalia mu macho. Kisha akaweka maharagi pembeni, akasimama, mugongo yake ikalia, akachukua kikapu yake akaanza kutosha viazi pamoja na sisi. Majirani sita balikuja kuinua mashua mu camion. Tulisafiri mupaka asubuhi, na Ananie alipofika ku 41, mashua ilikuwa ku muchanga, na Maliro alikuwa anafunga kamba ku muti. Ananie aliandika, akapita.

Kisha ya mwezi moja nilipanda Masereka na samaki ya Mama mukwe. Maliro alikuwa ameniomba niangalie kama magurudumu haishike kutu, labda niulize kama inaweza kushuka, siku moja, juu ya kupaka rangi tu. Niliingia mu hangar. Remorque haikuonekana. Kulikuwa mulima ya viazi mupaka karibu na mabati, na chini kabisa kipande kidogo cha mupira mweusi.

"Ni mbegu," Mama Kavuo akasema, mbele niulize.

Niliweka samaki chini, nikachukua kikapu, nikaenda shambani kumuongezea zingine.