Birika Juu ya Mashimo Matatu

Skabiosa ni ua la nyasini, la huku huku Ubelgiji, zambarau iliyopauka. Mzizi wake huzama chini sana. Jua likaushe majani ya mtaa mzima, ua hili linatikisa kichwa tu. Bibi Rukiya alilipanda nyuma ya nyumba, mtaani Ganshoren, baada ya papa Hilaire, mwenye nyumba, kumwambia: "Maman, hii parcelle ya nyuma haina kazi, nataka kuweka pavé, mawe chini yote. Kama utapanda maua na italeta nyuki, bon, naacha. Kama hapana, mafundi wanakuja."

Maua yakachanua. Nyuki je? Bibi alichungulia chini ya paa, juu ya mti wa jirani, akitafuta mzinga. Wapi! Na kila asubuhi, kama alivyolelewa kwao Buyenzi, alifagia kwa ufagio wa njiti wa kutoka maduka ya Waafrika ya Matonge, mpaka udongo ukabaki mtupu kama sahani.

Siku ya papa Hilaire kuja kutazama, Bibi akaona mashimo. Matatu, kila moja na kichuguu chake chororo kama unga wa semolina.

"Mchwa! Leo wananiaibisha!"

Dawa ya mchwa anaijua tangu utoto. Akachemsha maji, akarudi na birika, akainama. Shimoni kikachomoza kichwa cheusi chenye manyoya. Kidudu kikatoka chote, kikaruka, kikajigaragaza juu ya skabiosa, kikarudi na vumbi la rangi ya waridi miguuni, kikazama mule mule.

Bibi akaweka birika chini. Nyuki wa kukaa ardhini, kama panya? Peke yake, bila malkia? Na asali anaficha wapi?

"Maman! Maua unaipikia chai?" Papa Hilaire huyo, mlangoni.

"Acha masihara, papa. Inama hapa."

Akainama, tumbo likimzuia. Mdudu akatoka tena.

"Ah, nzi hii."

"Nzi gani anabeba chavua? Mtazame miguu!"

Papa Hilaire akatazama weee. Akageukia pembe ya majani, asikoona shimo hata moja, akarudi penye udongo uliofagiwa.

"Donc anapenda hapa kwenye unafagia. Na mi nilitaka kumufungia mulango na pavé." Akatoa simu. "Allô? Mafundi, musikuje."

Bibi Rukiya alishukuru, lakini kichwa kilimzunguka vilevile. Kesho afagie, amharibie nyuki nyumba, au aache, majani yamzibie shimo? Maji yalikuwa bado ya moto. Akatia majani ya chai, akaleta vikombe viwili.