Mifungo Miwili, Ua Mmoja

Jovita alikuwa na dawa moja ya maswali ya mwanawe Erica, na dawa yenyewe ilikuwa jicho. Si jicho la kawaida. Ni lile la mama wa Muleba, linaloweza kumnyamazisha mtoto aliye ng'ambo ya barabara. Na sababu alikuwa nayo. Wiki waliyohamia Ujiji, yeye akiwa nesi mgeni wa zahanati, Erica alisimama mbele ya mwenye nyumba wao, Mzee Mwinshehe, akazikodolea macho ndevu zake zilizopakwa hina, akauliza kwa sauti ya kusomea darasani, "Shikamoo babu, mbona ndevu zako zina kutu?"

Jovita alitamani ardhi ipasuke immeze. Mzee hakucheka wala hakufoka. Aliitikia marahaba yake, akaingia ndani. Jioni hiyo Jovita akapiga marufuku. Mambo ya watu hayaulizwi: dini yao, mavazi yao, chakula chao, na hasa ndevu zao. Katazo hilo aliliita heshima, ingawa ukimbana sana angekiri kwamba ulikuwa woga mtupu.

Mwaka ukapita salama. Nyumba ilikuwa Kasingirima, ua mmoja, jiko hili huku na jiko lile kule, na ziwa likionekana kwa mbali katikati ya michikichi. Mwanvua, binti wa mzee, aliuza mawese sokoni na alikuwa na mtoto wake, Yasmini, aliyemzidi Erica miaka miwili na kumwamrisha kama askari. Jovita akiwa zamu ya mchana, Erica alikula kwa Mwanvua, akalala kwenye mkeka wa Mwanvua, akasukwa nywele na Yasmini, zikaenda upande. Kigoma nzima Jovita hakuwa na dada wala shangazi. Nyumba ile ikimfungia mlango, ingebidi amrudishe mtoto kwa bibi yake Muleba, na wazo hilo tu lilimkata maini.

Mwaka huo Kwaresma na Ramadhani viliingia wiki moja. Yasmini alikuwa anafunga kwa mara ya kwanza, na ua mzima ulijua, maana alitangaza mwenyewe hadi kwa wachota maji. Babu yake alimwahidi gauni la Idi, la rangi atakayochagua yeye, bila mtu kumwingilia. Mzee mwenyewe alitembea kifua mbele. Kila akirudi msikitini alimwuliza mjukuu wake hali, naye Yasmini alijibu kwa sauti ya kukata roho, "Naendelea, babu."

Erica aliyaona hayo kwa jicho lake la mtoto. Neno kufunga alilisikia, lakini kwao aliyefunga bado alikunywa chai asubuhi. Aliona jiko la Mwanvua halitoi moshi mchana. Aliona Yasmini amelala kibarazani, midomo mikavu, hataki hata kuruka kamba.

"Mama, kwa nini kwa kina Yasmini hawapiki siku hizi?"

"Hayo siyo yetu," Jovita alijibu akitafuta viatu vyake vya kazi. "Na wewe usile mbele yao. Umesikia?"

Erica alisikia. Alisikia vizuri kuliko mama yake alivyodhani.

Jumamosi Jovita alirudi kutoka zamu ya asubuhi, mwavuli ukiwa bado unachuruzika, akamkuta Mzee Mwinshehe amesimama katikati ya ua. Yasmini alikuwa analia kwa kwikwi, kidevu kinang'aa mafuta. Mwanvua alikuwa ndiyo kwanza ametoka sokoni, kapu bado liko kichwani. Na Erica alikuwa amebanwa ukutani, mikono nyuma.

"Nesi," mzee alisema, "nimekwenda kuswali adhuhuri nikamwacha mtoto wangu amefunga. Nimerudi namkuta anatafuna kitumbua. Kitumbua cha nyumbani kwako."

Jovita alikijua kitumbua hicho. Alikuwa amekichoma mwenyewe alfajiri, kwa kipimo cha unga na iliki alichofundishwa na Mwanvua.

"Erica kanilazimisha," Yasmini alisema katikati ya kwikwi.

"Erica, ni kweli?" Jovita aliuliza.

Erica akamtazama mama yake, akatazama chini. Jovita akambembeleza, kisha akamtisha. Mtoto akawa bubu.

"Basi," mzee alisema. "Kuanzia leo kila mtoto akae upande wake. Sina ugomvi na mtu. Lakini mchezo kwenye ibada ya watu, hapana."

Mwanvua alimtazama baba yake, akashusha kapu.

Jovita aliomba radhi mpaka maneno yakamwishia. Alipoingia ndani alikaa kitandani na sare yake iliyolowa, akaanza kupiga hesabu za Jumatatu. Zamu ya mchana. Mtoto atakaa na nani? Alikuwa na hasira na mzee, ana hasira na Yasmini, ana hasira zaidi na Erica, na chini ya hasira zote hizo aliona aibu iliyomchoma masikio.

"Haya," alisema hatimaye. "Tuko wawili tu. Kwa nini ulimpa?"

Erica alichukua muda kuamini kwamba ameruhusiwa kusema.

"Mwalimu wa katekesi alisema Kwaresma tuache kitu tunachokipenda. Halafu tumpe mtu asiyekuwa nacho." Alifuta pua kwa mkono. "Mimi nimeacha kitumbua. Na Yasmini ndiye hana. Kwao hawana chakula, mama. Wanapika usiku tu, kidogo, ili kisiishe."

Jovita aliachama. Wiki nzima mtoto huyu alikuwa akiishi ukuta kwa ukuta na rafiki aliyeamini anakufa njaa, na hakuwa na mtu wa kumwuliza. Mfungo wa mmoja ndio uliovunja mfungo wa mwenzake. Angecheka, lakini machozi yalitangulia.

Angeweza kuyamaliza mambo kwa njia yake ya siku zote: sahani ya ndizi kesho, samahani nyingine, kimya. Aliwaza hivyo, tena kwa tamaa. Lakini mtoto alikuwa anamtazama. Adhana ya magharibi ilipokwisha, na vikombe vikaacha kugongana upande wa pili, alimshika Erica mkono.

"Twende. Ukawaambie kama ulivyoniambia. Na lolote unalotaka kuuliza, uliza."

"Lolote?"

"Lolote," Jovita alisema.

Waliwakuta mkekani, sinia la mihogo na samaki wa migebuka katikati. Mwanvua aliwakaribisha. Mzee aliitikia shikamoo kwa kifupi, kama mtu anayelipa nauli.

Erica akaeleza. Alieleza yote, hadi lile la kupika kidogo ili chakula kisiishe. Alipomaliza, Mwanvua aliweka kikombe chini, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa upindo wa khanga, na akiendelea kujifuta hakuwa anacheka tena.

"Mwanangu! Ulikuwa unatulisha? Njoo hapa." Akampakata. "Chakula tunacho, alhamdulillahi. Tunakiacha mchana kwa kupenda, kwa ajili ya Mungu. Njaa yenyewe ndiyo tunayoitafuta."

"Na maji?"

"Na maji."

"Na mate mnameza?"

"Mate tunameza. Tungeyapeleka wapi?"

Hapo bomba likafunguka. Kwa nini mama Yasmini anafunga na bado anabeba kapu? Mgonjwa anafanyaje? Mtoto asipoweza, anachapwa? Mwanvua alijibu moja baada ya jingine: mgonjwa hafungi, mtoto anajaribu tu, kuchapwa hakuna. Yasmini, aliyekuwa amenuna pembeni, hakuweza kuvumilia mtu mwingine aulize peke yake.

"Na nyie je? Mbona mnafunga na asubuhi mnakunywa chai? Na yale majivu usoni, mimi nilidhani mama Erica kainamia jiko!"

Jovita akajieleza. Alishangaa jinsi maneno yalivyotoka kirahisi. Hata alipokwama kuhusu majivu, alisema tu kwamba hapo hajui vizuri.

"Mungu wenu na wetu wanajuana?" Erica aliuliza.

"Hilo," Mwanvua alisema, "ukawaulize padri wako na ustadhi wetu siku wakiwa pamoja. Mimi nitakuja kusikiliza."

Mzee alikuwa anachambua mgebuka.

"Babu," Yasmini alisema ghafla, sauti imepungua. "Hakunilazimisha. Aliniletea, nikamwambia siwezi, akasema basi. Akakifunika. Mimi ndiye niliyekifunua."

Mzee akamgeukia Erica.

"Na wewe ulisingiziwa ukanyamaza? Huna mdomo?"

"Mama alisema nisiongee mambo yenu."

Jovita aliinamisha kichwa. Alitaka kusema samahani, akaona samahani za siku hiyo zimetosha. Badala yake akajisikia anatoa swali alilolibeba mwaka mzima, lile lililomfanya kila zamu ya mchana aende kazini na roho juu.

"Mama Yasmini. Erica anapokula hapa, nimemzoesha kufanya ishara ya msalaba kabla hajagusa chakula. Naogopa anawakwaza. Anapofanya, nyie huwa mnafanyaje?"

Mwanvua alimtazama kama mtu aliyeulizwa jina lake.

"Tunamsubiri amalize. Tungefanya nini kingine? Na akisahau, baba ndiye anayemkumbusha."

Jovita akamgeukia mzee. Mzee Mwinshehe alikohoa, akajifanya anatafuta mwiba kwenye samaki.

"Hakuna mtoto anayekula nyumbani kwangu bila kumtaja Mungu," alisema kwa ukali. "Tena ana haraka huyu, ishara yenyewe anaikata katikati. Namrudisha mara mbilimbili." Akasukuma kipande cha mgebuka upande wa Erica. "Jumatatu si una zamu ya mchana, nesi? Mlete."

Jovita akaitikia kwa kichwa. Erica alikuwa ameshanyoosha mkono kwenye sinia.

"Wewe!" mzee akamwambia.

Erica akaurudisha mkono, akaupeleka kwenye paji la uso, na mkeka mzima ukamsubiri.