Maua ya Shaba Chini ya Dirisha la Mama

Maua yalichomoza mvua zilipokuwa zikiishia, chini ya dirisha la Mama Bilonda. Binti yake mkubwa, Odile, ndiye aliyeyaona kwanza, asubuhi alipofungua dirisha kuingiza mwanga. Yalikuwa madogo, ya buluu inayoelekea zambarau, na yalitikisika polepole ingawa upepo haukuwapo.

Kwingine lingekuwa jambo la kutabasamia tu. Lakini mtaani Kapata, katika safu zile za nyumba zilizojengewa wafanyakazi wa mgodi zamani, kila mtoto anajua ua hilo hupenda udongo gani. Huota palipo na shaba, mahali ambapo majani mengine hunyauka. Watu walilifuata vilimani tangu zama za mababu, wakachimba lilipowaonyesha.

Jioni mdogo wake Odile, Mechack, alirudi kutoka kuchimba kwenye mgodi wa Mutoshi, magunia matupu begani. Alipofika dirishani alisimama kama mtu aliyeitwa jina lake.

"Yaya, unaona?" alimuuliza dada yake.

"Naona maua."

"Ile haiko maua," alisema kwa sauti ya chini. "Ile ni mulango."

Tangu siku hiyo nyumba ilibadilika, na hakuna tofali lililosogea. Nyufa za ukutani zilizozoeleka tangu utotoni zikawa sasa zimepasuliwa na madini yanayosukuma kutoka chini. Sakafu nyekundu ambayo marehemu baba yao, Kalumba, aliipaka nta kila Jumamosi, Mechack aliigonga kwa kisigino akasema ni tupu ndani, hasa pale kiti cha baba kiliposimama. Rafiki yake Sadrack alilala kifudifudi sebuleni, sikio sakafuni, macho yamefumbwa.

"Inaitika," alisema.

Hata jirani yao, Tata Kabemba, aliyekuwa akichota maji kisimani kwao miaka yote na kuyasifia, alitangaza kwamba maji hayo siku zote yalikuwa na ladha ya misumari.

Odile aliwacheka. Kisha mchana mmoja, akipiga deki peke yake, aliona kitu cha kijani, rangi ya madini ya shaba, kiking'aa kwenye ufa karibu na kabati. Moyo ukamruka. Kufumba na kufumbua alikwisha kuona nyumba mpya ya ghorofa, mama yake kwenye baraza amevaa kitenge ambacho hakijawahi kufuliwa, na Mechack akiwa na mikono safi. Aliliona hilo lote akiwa amepiga magoti, maji yakimtiririka viwikoni. Akasugua kwa kitambaa. Ilikuwa rangi ya mlango, ile baba aliyoidondosha alipokuwa akipaka.

Hapo ndipo alipoogopa. Kama jicho lake, lisilotamani shaba, lilidanganyika kirahisi hivyo, la Mechack lingeponaje?

Mechack hakuwa mtoto mbaya. Alipanga kuanza kuchimba sebuleni Jumamosi, yeye na Sadrack na vijana wawili wengine, na alimweleza mama yake kwa upole, akiwa amechuchumaa mbele yake.

"Nitakujengea ingine, mama. Ya muzuri."

"Mi sijaomba ingine," alijibu Mama Bilonda. "Baba yako alilalaka hapa mara ya mwisho. Ukipasua hapa, mi nitamukumbukia wapi?"

Mechack alimshika mkono. Lakini macho yake yalikwenda dirishani, na Odile akajua kwamba maneno hayatafika. Wote walikwisha kuona mtaa mwingine wa mji ulivyoliwa, nyumba moja baada ya nyingine, hadi vyumba vikawa mashimo yaliyofunikwa turubai. Kila shimo lilianza na mtu aliyekuwa na hakika.

Jumamosi, alfajiri, Mechack alipokwenda kuazima kamba, Odile alikwenda parokiani. Akaomba matawi ya mchikichi uliopo kando ya kanisa, akayabeba begani, akayasimika mawili mawili barabarani, kila upande wa njia ya kuingilia kwao. Akatoa viti na benchi uani, akatandika mikeka. Kisha akafunga kitenge kiunoni, akaketi chini, miguu ameinyoosha.

Mama yake alitoka, akatazama matawi, akatazama mikeka. Alikifungua kilemba chake, akakifunga upya kwa namna ya msiba, akaja kuketi ubavuni mwa binti yake.

Sadrack na wenzake walifika wakiwa na sululu begani, muziki ukipiga katika simu ya mmoja wao. Walipoyaona matawi, alama ya msiba, muziki ukafa. Hakuna aliyewaambia kitu. Sululu zilishuka zenyewe, zikalazwa kando ya barabara. Kofia zilivuliwa. Waliingia wameinama kidogo, wakampa Mama Bilonda mkono kwa mikono miwili, wakakaa mkekani. Tata Kabemba akaja na benchi lake, na mke wake akaleta chai, akaanza wimbo wa kanisani kwa sauti nyembamba kama uzi.

Hivyo ndivyo Mechack alivyoikuta nyumba yao. Kamba ilimponyoka. Alimtafuta mama yake kwa macho, akamwona, akapumua.

"Yaya, nani amekufa?"

"Ikala kwanza."

Akaketi chini kama wengine, maana hakuna anayesimama kwenye kilio.

"Nani?"

"Nyumba, mudogo yangu," alisema Odile. "Nataka tuililie kwanza, mbele ya kuipasula. Kisha mutachimba, mi sitasimama mu mulango."

Sadrack alikuna kichwa.

"Watu habaililiake nyumba, yaya Odile."

"Basi sababu gani kofia yako iko mu mukono?"

Sadrack aliitazama kofia. Hakuirudisha kichwani. Tata Kabemba alikohoa, ikawa kama kicheko, akakificha ndani ya kikombe cha chai.

Ndipo Mama Bilonda akaanza kulia kwa maneno, kama wanavyolia mama zetu, nusu wimbo na nusu habari. Aliimba jinsi Kalumba alivyopaka mlango rangi ya kijani huku akipiga mluzi. Aliimba jinsi Mechack alivyojifunza kutembea juu ya nta ile, akiteleza, akianguka, akicheka, na baba yake amefungua mikono upande wa pili. Jua lilikuwa changa bado, na ukungu wa asubuhi ulikaa uani kama mgeni asiye na haraka.

Mechack alisikiliza, kidevu juu ya magoti. Kutoka pale chini, macho yake yalikuwa karibu usawa wa majani. Odile alimwona akikunja uso, kisha akiinua kidole na kuchora kitu hewani, polepole.

Kwa aliyesimama, maua yalikuwa fungu moja la buluu. Kwa aliyeketi mkekani yalikuwa njia. Yalianzia kwenye jiwe ambapo Mechack aliosha magunia na buti zake kila jioni, yakafuata mfereji mdogo, yakapinda pale mfereji ulipopinda, yakaishia chini ya dirisha, pale maji yaliposimama na kunywewa na ardhi. Hatua moja nje ya njia hiyo, hakuna hata ua moja.

"Ni mayi ya kuosha magunia," alinong'ona Sadrack.

"Ni mi niliyaleta," alisema Mechack. "Toka Mutoshi. Mbegu, udongo, yote."

"Na ile sakafu iliitika?" Tata Kabemba aliuliza.

"Tata, acha tu," Sadrack alisema, na kicheko kikazunguka mikekani, cha chini, cha watu walio msibani.

Mama Bilonda alijifuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Hii njo mara ya kwanza unaniletea maua," alimwambia mwanawe.

Mechack alilaza kichwa begani kwa mama yake, kijana mrefu vile, mbele ya wenzake. Baadaye alichukua sululu, Odile akashtuka, lakini alikwenda nayo moja kwa moja hadi kwenye jiwe la kuoshea. Aliling'oa, akalibeba na Sadrack hadi ng'ambo ya barabara, mbali na dirisha na maji ya kunywa.

Matawi Odile aliyaacha hadi jioni. Waliopita, bila kujua habari yoyote, walipunguza sauti wakifika hapo, wakatembea taratibu, kana kwamba ndani mna mtu aliyelala vizuri na hawataki kumwamsha.