Herufi Nono

Nimechoka na maandazi. Si ya kula. Ni herufi zilizomo kwenye kompyuta yangu, nene, za mviringo, zimevimba kama unga uliozidiwa na hamira, na Mpanda nzima wanaziita hivyo. Mteja akiingia hapa stesheneri hata salamu hamalizi: "Dada Verdiana, niwekee yale maandazi." Bango la chipsi kuku, maandazi. Kipaimara, maandazi. Saluni ya kule mtaa wa Nsemulwa, maandazi ya pinki. Macho yananiuma, mgongo unaniuma, na herufi zenyewe zinachekacheka tu.

Alhamisi mchana akaingia mzee Malale, mfugaji wa Kisukuma anayeishi njia ya Mwese, vumbi la bodaboda limemjaa mpaka kwenye kope. Alikuwa amemzika mkewe, na alitaka kibao cha jina cha kupigilia kwenye msalaba. Nikampa pole. Moyoni nikashukuru kupata walau kazi moja ya heshima wiki ile. Nikachagua herufi nyembamba, zilizonyooka, nikaandika NYANZALA, nikamgeuzia kioo cha kompyuta aone.

Alitazama weee.

"Hapana, dada. Hizi zinaumwa."

"Zinaumwaje, mzee?"

"Si zimekonda?" Akanyoosha kidole kwenye bango la chipsi ukutani. "Nipe zile nono."

Nilikasirika, sifichi. Nikamwambia zile ni za chipsi na sherehe za watoto, watu watamcheka makaburini. Nikichoka huwa sina ulimi mzuri.

Hakukasirika. Alivua kofia, akaiweka magotini.

"Nyie hamkumjua," alisema. "Yule alikuwa mnene, bhana. Akipita na ndoo kichwani, njia yote inajaa. Siku ya mahari mjomba wake alisema ongeza ng'ombe, mtoto ana mwili huyu." Akacheka kidogo. "Halafu tumbo likamshika. Mwaka mzima anakonda tu. Mwisho nilikuwa nambeba mwenyewe kumpeleka chooni, mwepesi kama mtoto. Wote waliokuja kumzika wameona mifupa. Sasa na kwenye msalaba nimwandike amekonda tena?"

Niliona aibu. Nikafuta jina, nikaliandika upya kwa maandazi, nikalikuza mpaka likagusa kingo za kibao. N na Z zikabanana tumbo kwa tumbo. Siku nyingine ningezitenganisha, maana ndivyo kazi inavyotaka. Nikaziacha.

Mzee Malale akainama karibu na kioo, akapitisha kidole juu ya jina taratibu, herufi moja baada ya nyingine.

"Eee," akasema. "Ndiye huyu. Amepona."