Portebebe ya Papa Destin

Mume wangu Hervé alifanya utafiti wa wiki tatu kabla ya kununua portebebe, ule mfuko wa mikanda wa kumbebea mtoto kifuani. Nasema utafiti kwa sababu ndivyo alivyouita mwenyewe. Mimi wakati huo nilikuwa narekebisha kazi yangu ya kumaliza chuo, juu ya maporomoko ya udongo kwenye vilima vya Bukavu. Ilinichukua miezi kumi na minne, na nyumbani iliitwa "yale makaratasi ya Maman Destin". Utafiti ulikuwa wake.

Alimpima mtoto mapaja kwa rula. Aliingia kwenye kundi la WhatsApp la wazazi wa Ubelgiji, watu wasiomjua wala kumjibu, akawa anasoma ujumbe wao mezani kwa sauti ya padri.

"Maman Destin, magulu ya mutoto inapashwa kukaa kama herufi M. Kikwembe yako inaifunga mubaya. Mugongo itapinda."

"Wewe, mama yako alikubebaka mu nini?"

"Mu kikwembe."

"Na mugongo yako ilipinda?"

Nikamwambia mgongo wake ulinyooka vizuri kabisa, kilichopinda kiko juu yake kidogo.

Portebebe ilikuja na mfanyabiashara aliyetoka Dubai. Ilikuwa ya rangi ya majivu, yenye mikanda na vifungo vingi kuliko koti la askari, na karatasi ya maelezo iliyoandikwa Kichina. Kwenye boksi palikuwa na picha ya baba mzungu mwenye ndevu, mtoto kifuani, anacheka peke yake. Mpaka leo naamini Hervé hakununua portebebe. Alinunua kile kicheko.

Bila shaka aliyefungwa mikanda nilikuwa mimi. Nyumba yetu iko juu ya mtaa wa Essence, kwenye mteremko, na ili ufike barabarani unashuka ngazi sitini na mbili zilizochimbwa kwenye udongo mtupu. Mvua ikinyesha, mama anayeshuka anahitaji kuona anapokanyaga. Mtoto akiwa mgongoni, unaona. Mtoto akiwa kifuani, unaona kichwa cha mtoto. Jumapili ya kwanza, tukienda misa, nilitafuta ngazi ya ishirini kwa mguu wangu nikaikosa. Nilimkumbatia Destin, nikakaa kwenye matope na gauni langu la misa, na matope yale nikayapeleka mpaka kanisani.

Tangu siku hiyo nilirudi kwenye kikwembe changu, kitenge cha kumfungia mtoto mgongoni. Hervé naye aliitundika portebebe kwenye msumari sebuleni, pembeni ya picha ya Moyo Mtakatifu. Wenzake wa ofisini wakija kutusalimu, anaishusha, anawaeleza habari za nyonga na uti wa mgongo, kisha anairudisha. Mtoto mwenyewe hakuwahi kumweka humo hata dakika moja. Destin alikuwa na miezi mitano, na baba yake alikuwa bado anamshika kama sahani ya moto, anatafuta pa kuiweka.

Sasa nieleze shida yangu. Siku niliyotakiwa kusimama mbele ya juri kutetea kazi yangu, yaani défense, ndiyo siku aliyoichagua Destin kuzaliwa. Ilibaki nafasi ya pili, Alhamisi, saa nne asubuhi. Nikiikosa hiyo, narudia mwaka mzima, na mama mkwe wangu, Maman Rosalie, alikuwa ameshatangaza kwamba mwaka mwingine hautakuwepo. "Mwanamuke mwenye kuwa na mutoto anasoma nini tena? Anasoma mutoto." Alisema hivyo mbele ya mwanawe, na mwanawe akaendelea kula.

Mdogo wangu Charlène ndiye aliyekuwa aje kutoka Mudaka kumshika mtoto. Jumatano jioni akapiga simu, sauti inatetemeka. Malaria. Mama mkwe sikuthubutu kumwomba. Jirani alikuwa ameshaenda shambani. Nililia kidogo jikoni, sitaficha, halafu asubuhi nikaenda sebuleni nikaishusha portebebe kutoka kwenye msumari.

"Papa Destin, simama."

"Unataka kufanya nini?"

"Utafiti."

Nilimfunga mikanda yote, nikamtia mtoto ndani. Miguu ilikaa kama herufi M, safi kabisa, hata wale Wabelgiji wangepiga makofi. Makubaliano yalikuwa rahisi. Mtoto hataki chupa ya biberoni, kwa hiyo saa tano kamili Hervé awe nje ya mlango wa chuo, nitoke nimnyonyeshe. Kutoka kwetu mpaka Nyawera, kilipo chuo, siyo safari ya kuaga watu.

"Bantu bataniona namna gani?"

"Batakuona kama ule papa wa ku boksi."

Akavaa koti lake jeusi juu ya kila kitu, lile la mazishi na la mikutano, akalifunga mpaka kilipoonekana kichwa cha Destin tu. Nikatangulia. Nilishuka ngazi zote bila kuangalia nyuma.

Mbele ya juri mambo yalikwenda vizuri mpaka saa tano. Saa tano juri lilikuwa bado halijaniachia, na maziwa yakaja. Maziwa hayajui juri. Nilisikia blauzi inalowa, nikachukua ile kazi yangu, kurasa tisini na nne, nikaikumbatia kifuani na kuendelea kuongea juu ya mifereji na mizizi ya miti.

"Madame Micheline," akasema Profesa Théodore, mwenyekiti, "juu ya nini unakumbatia hiyo kazi?"

"Juu ni ya kwangu, Profesa."

Wakacheka, mimi pia. Saa sita na nusu wakanipa distinction, alama za juu. Nilitoka mbio kumwonyesha Hervé, na nje ya mlango hapakuwa na Hervé.

Nikawasha simu. Watu walikuwa wamenitafuta mara arobaini na moja. Nikampigia Hervé, hakupokea. Nikampigia Charlène.

"Ni nani?" akauliza.

"Ni mimi, Micheline."

Akapiga yowe, simu ikaanguka, ikakatika.

Hapo nikajua mtoto wangu amekufa. Nilijua moja kwa moja, bila kuambiwa. Nilipanda moto, pikipiki ya abiria, na sikumbuki dereva alikuwa nani wala tulipita wapi. Tulipofika Essence niliinua macho nikaona bashi, turubai la bluu, limetandazwa juu ya uwanja wetu, na viti vya plastiki, na wanawake wamefunga vikwembe kiunoni kama wafanyavyo kwenye kilio. Nilipanda zile ngazi kwa mikono na miguu. Kila ngazi nilijilaumu: ulimwacha kwa sababu ya makaratasi, ulimwacha kwa sababu ya makaratasi.

Maman Valérie, kiongozi wa shirika letu la parokia, ndiye aliyekuwa anaongoza wimbo. Aliponiona, mdomo ulibaki wazi na wimbo ukabaki ndani yake. Mwingine akakimbia, akamwaga ndoo ya maji. Mwingine akapiga ishara ya msalaba na kuurudia, kwa kuwa wa kwanza haukuniondoa.

Katikati yao, kwenye kiti cha heshima, alikaa Hervé na koti lake jeusi. Kifuani, ndani ya portebebe, Destin alikuwa ananyonya kifungo.

Sikumwuliza mtu kitu. Nilifungua mikanda, nikamtoa mwanangu, nikakaa chini nikamnyonyesha, na machozi yakawa yananitoka bila sauti. Mtoto aliposhiba titi la kwanza ndipo nilipopata nguvu ya kuuliza nani amekufa.

Walitazamana. Mwishowe akajibu Mapendo, yule anayeuza maparachichi barabarani chini yetu, mwanamke asiyejua kuzunguka.

"Ni weye, maman."

Basi nikaelezwa kifo changu. Barabara ilikuwa imefungwa na lori lililokwama, taksi haiendi mbele wala nyuma, Hervé akashuka atembee. Destin akaanza kulia njaa. Mapendo anamwona mwanaume aliyevaa koti jeusi, anatembea haraka, kichwa chini, kitoto kimefungwa kifuani kinapiga kelele. Hapa kwetu mwanaume hafungi mtoto mwilini mama yake akiwa hai. Haijawahi kuonekana.

"Nilimuuliza," akasema Mapendo. "Nilimuuliza muzuri: papa, mama ya mutoto iko wapi? Akainamisha kichwa. Nikamuambia, pole sana, papa."

"Na yeye akajibu nini?"

"Akaniambia, asante, maman."

Asante. Kwa neno hilo moja nilikufa. Baada ya hapo hakukuwa na wa kunifufua. Muuza mkaa akampa pole, akajibu asante. Mama wa mikate akampa pole, akajibu asante. Wanawake wakaanza kumfuata, wawili, watano, wanalia, wanamwuliza kilio kiko wapi, na Hervé, badala ya kusonga mbele kwenda chuo, akageuka akawaongoza mpaka nyumbani kwangu. Maman Valérie akapata habari. Miezi miwili sikuwa nimefika kwenye sala, nilikuwa narekebisha kazi yangu, na watu walishasema naumwa. Akanipigia simu, nimeizima kwa sababu ya juri. Kwenye shirika letu, mtu asiyekuja sala na simu yake imezimwa, hiyo ni maiti iliyokamilika.

Mama mkwe alikuwa ameshafika kutoka Bagira. Niliambiwa alilia sana, hilo simnyimi. Alilia akisema, "Nilimuambia! Masomo njo ilimuua!" na watu wote walikubali kwamba ndiyo, masomo yana tabia hiyo. Ilipofika saa sita, mwili wangu bado haujatafutwa uko hospitali gani, walikuwa wameshaafikiana kwamba Charlène ahamie hapa amlee Destin. Na baba yake pia, wakati ukifika. Charlène, pamoja na malaria yake, alikuwa ameshapigiwa simu.

Nilimgeukia mume wangu. Sufuria ya maharage ilikuwa inachemka nyuma yake.

"Papa Destin. Balipokuuliza mama ya mutoto iko wapi, juu ya nini haukusema?"

"Ningesema nini?"

"Ungesema iko ku défense."

Alijibu chini kwa chini, lakini kwenye kilio kila mtu anasikia vizuri.

"Ningesema bibi iko anasoma, na mimi njo nabeba mutoto? Bangenicheka, Maman Destin. Barabara yote ingenicheka."

"Sasa, kati ya wewe kuchekwa na mimi kufa, ukachagua mimi nikufe."

Nilikuwa na hasira ya kumpiga, na ningempiga, mtoto asingekuwa bado kwenye titi. Nusu saa nzima nilikuwa nimemzika mwanangu kichwani mwangu kwa sababu mwanaume huyu aliona haya. Nilimwambia hivyo, kwa maneno hayohayo, na wanawake wakaguna.

Ndipo Maman Rosalie akasogea karibu. Macho yake yalikuwa mekundu bado kwa ajili yangu. Nilidhani anakuja kunikumbatia.

"Kumbe haukukufa," akasema. "Ulikuwa wapi?"

"Ku défense, maman. Nimefaulu. Nimepata distinction."

Akanitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu.

"Na mutoto ulimuachia mwanaume?"

Niliona sura zao zinabadilika, mmoja baada ya mwingine. Marehemu wangu alikuwa mtu mwema, mpole, mama wa mfano, walikuwa wamemwimbia saa mbili nzima. Mimi nilikuwa mtu mwingine. Maman Valérie akapita mbele yangu, akamshika Hervé mkono kwa mikono yake miwili.

"Pole sana, Papa Destin," akasema, na mara hii alimaanisha zaidi kuliko asubuhi.

Wengine wakajipanga nyuma yake kusubiri zamu.

Hervé alinitazama. Mimi nilimwacha. Nilimbadilisha Destin titi na kungoja, kwa maana hilo sikuweza kumsemea. Kama angejibu asante tena, nilikuwa nimeshaamua: nitashuka zile ngazi na mtoto mgongoni niende Mudaka kwa mama yangu, na wao wabaki na kilio chao, maana kingekuwa cha kweli.

"Hapana, Maman Valérie," akasema. Akakohoa. "Hapana pole. Bibi yangu amefaulu. Mimi njo nilibakia na mutoto. Na... na kesho, anaenda kuchukua karatasi yake, mimi tena njo nabakia naye."

Mapendo ndiye aliyeanza kucheka. Yule mwanamke anacheka kwa mwili wote. Mama wa mikate akadaka, muuza mkaa akapiga magoti, na Maman Valérie akawa anajifuta machozi kwa pembe ileile ya kikwembe aliyonililia. Wakaomba aonyeshe mikanda inafungwaje. Wakamwita Maman Hervé. Wakamwuliza kama maziwa yameshatoka. Mama mkwe alijifunika uso, na sikuweza kujua chini ya kile kitambaa analia au anacheka.

Walimcheka mpaka maharage yakaiva, wakala, wakamcheka tena mpaka bashi likateremshwa. Mimi nilikaa pembeni na sahani yangu nikimchunguza, kwa makini kabisa, vile muuguzi anavyomchunguza mgonjwa. Alitoka jasho. Alikunywa maji mengi. Hakufa.