Vidole Kumi vya Magdalena

"Huko Kinyangiri kuna kijana kafia mashineni kwa jina la kaka yake," Swaumu alisema, akiitua ndoo chini ya bomba. "Makaratasi yote yakaandikwa kaka mtu ndiye marehemu. Mwenyewe yupo, anatembea, anakunywa uji, lakini akienda ofisini anaambiwa, wewe tulishakuzika. Mkewe anaitwa mjane, na mume kakaa naye benchi moja!"

Wanawake wakacheka. Magdalena hakucheka.

"Umeyatoa wapi hayo?"

"Mnadani. Nimeuziwa hivyo hivyo, mama Witness, na mimi nakuuzia bila faida."

Wakacheka tena. Maji ya Magdalena yakajaa, yakamwagika, yakamlowesha kanga mpaka magotini, na ilibidi Swaumu amguse bega. Alijitwisha ndoo akaondoka. Lakini maneno yale yalikuwa yameshamkwama kama ganda la alizeti kati ya meno: ulimi unalifuata, kidole kinalifuata, lenyewe limetulia tu palepale.

Maana asubuhi ileile binti yake, Witness, alikuwa ametoka kwenda kiwandani. Na kiwandani Witness hakuwapo. Aliyekuwapo alikuwa Magdalena.

Ilikuwa hivi. Kwa miaka kumi na tatu na miezi saba, Magdalena alishona magunia kwenye kiwanda cha kukamua alizeti, nje kidogo ya mji wa Singida. Mafuta yakishatoka hubaki mashudu, yale makapi ya kulishia mifugo. Yanashindiliwa guniani yakiwa bado ya moto, kisha mdomo wa gunia unashonwa kwa shazia, ile sindano ndefu ya magunia. Kila mshonaji alikuwa na fundo lake la kumalizia. Kefa, msimamizi, hakuuliza nani kashona nini. Aliangalia fundo, basi. La Magdalena lilikuwa la mizunguko miwili, mkia ukilazwa kushoto.

Halafu kiuno kikakataa. Akiinama, hanyanyuki. Na kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii walishamwambia wazi, bila kumficha: pensheni ya kila mwezi inataka michango ya miezi mia na themanini. Yeye alikuwa na mia na sitini na mitatu. Ilibaki kumi na saba.

Pale kiwandani mwanamke akikwama hivyo haachi kazi. Analeta mdogo wake, au binti, au wifi, amshikie namba. Anayekuja anaingia kwa jina la mwenye namba, anaitikia jina hilo, na michango inaendelea kama kawaida. Kila mtu anajua. Kefa naye anajua, na huwa anapelekewa kuku.

"Nishikie namba tu, mwanangu," Magdalena alimwambia Witness. "Miezi kumi na saba siyo maisha."

Witness alikuwa na miaka ishirini na mmoja, na alikuwa ameshapata nafasi ya kujifunza cherehani kwa fundi mmoja mjini. Akaiacha. Baba yake, Abraham, alishafariki. Nyumba ilikuwa ya watu wawili, na mmoja hawezi kuinama.

Mama akamfundisha fundo. Wiki ya kwanza msichana alisahau, akalaza mkia kulia. Kefa akamrudishia magunia sita ayafumue.

"Hapa hujaja na jina lako," alimwambia. "Funga fundo la mwenye namba."

Wenzake walimtania siku nzima. "Jamani, Magdalena karudi ujana! Kaota meno mapya, na kiuno kimepona!"

Witness naye akacheka, akajifunza. Kufikia mwezi wa pili hakuna mtu angeweza kutofautisha gunia la mama na gunia la binti. Magdalena alijivunia jambo hilo. Alikuwa akilisema kwa majirani.

Sasa, jioni ya siku ile ya bombani, alimwangalia mwanawe akinawa vumbi la mashudu, akasema, "Kesho usiende."

"Kwa nini?"

"Swaumu kasema..."

"Mama! Swaumu huyu huyu aliyesema mbuzi wa mwenyekiti anaongea?" Witness alijifuta uso. "Miezi mitatu tu imebaki. Usinitie uoga."

Magdalena alifungua mdomo. Kisha akahesabu moyoni: mitatu. Akaufunga.

Alhamisi ya wiki iliyofuata, saa nne asubuhi, mkanda wa mashine unaopita kando ya washonaji ulinasa uzi wa Witness. Ni uzi wa nailoni, haukatiki. Alikuwa ameuzungusha vidoleni kama mama yake alivyomwonyesha, ili fundo libane vizuri. Uzi ukaenda, mkono ukaufuata. Mpaka Kefa anaifikia swichi, vidole vitatu vya mkono wa kulia vilikuwa vimekwenda.

Hospitalini ni Kefa aliyetoa maelezo. Kwenye faili wakaandika: Magdalena Samweli, miaka hamsini na minne. Nesi alimtazama msichana kitandani, akaitazama karatasi, akapita. Wagonjwa walikuwa wengi.

Aliporudi nyumbani, shida ya kwanza ilikuwa ugali. Ugali wa uwele na mlenda hauliwi kwa kijiko mbele ya watu, na mkono wa kushoto una kazi zake nyingine. Witness alikuwa akigeukia ukutani, akila kwa kushoto, haraka haraka, kama mtu anayeiba. Magdalena alimmegea matonge akayapanga pembeni ya sahani. Msichana aliyala yale aliyoyamega mwenyewe tu.

Wiki ya tatu Kefa akaja. Alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Shikamoo, mama Witness."

"Marahaba."

"Mtu wa mfuko wa fidia anakuja keshokutwa kumwona majeruhi. Na kwenye karatasi, majeruhi ni wewe."

"Mimi vidole vyangu ninavyo."

"Ndiyo shida yenyewe." Alicheka, peke yake. "Funga bendeji, mama. Sema kidonda kinauma, hutaki kifunguliwe. Fidia ikitoka utampa binti. Si ni ndani ya nyumba moja?"

"Na wakitaka kifunguliwe?"

"Basi labda uvikate na wewe."

Ulikuwa utani wa mtu mwenye hofu. Lakini alipoondoka, Magdalena aliingia jikoni, akalichukua panga la kukatia kuni. Akauweka mkono wa kulia juu ya gogo, kiganja chini. Aliweka tu, kuangalia unavyokaa.

"Mama, unafanya nini?" Witness alikuwa mlangoni.

"Napasua kuni."

"Hakuna kuni hapo, mama."

Witness alilichukua lile panga kwa mkono wa kushoto, akaenda nalo nje.

Aliyekuja kutoka mfuko wa fidia ni dada mmoja aitwaye Rahma, mpole, viatu vimejaa vumbi la barabara ya Ikungi. Alimkuta Magdalena ameketi uani, mkono wa kulia umefungwa bendeji mpaka kwenye kiwiko.

"Shikamoo mama. Pole sana."

"Marahaba, mwanangu. Ahsante."

Akatoa kifaa cha kuchukulia alama za vidole. "Naomba kidole gumba cha kushoto, mama." Magdalena akakiweka. Kifaa kikawaka, na kwenye kioo ikatokea picha yake ya miaka mingi iliyopita, uso umejaa, kilemba cha kijani.

"Ni wewe kabisa," Rahma alisema, akatabasamu. "Sasa naomba nikione kidonda. Taratibu, nisikuumize."

Ndani ya nyumba kijiko kikaanguka sakafuni. Kikaokotwa. Kikaanguka tena. Ule mkono wa kushoto ulikuwa bado haujazoea.

Magdalena alianza kuifungua bendeji mwenyewe, mzunguko kwa mzunguko, mpaka ikawa rundo mapajani. Vidole vitano, vizima, vyenye sugu za shazia.

"Aliyekatika yuko ndani," alisema.

Rahma aliweka kalamu chini.

"Mama, kwa nini hukusema mapema?"

"Ilikuwa imebaki mitatu."

"Ile kumi na minne aliyofanya yeye haitakuwa yako. Unaelewa?"

"Naelewa. Nitafungwa?"

"Si mimi ninayeamua. Mimi nitaandika nilichokiona." Aligeuka kuutazama mlango. "Huyu kaumia kazini, ana haki ya kusikilizwa. Lakini hakuna karatasi hata moja yenye jina lake. Lazima apatikane mtu wa kuandika kwamba alimwona akifanya kazi pale. Wapo?"

"Wapo ishirini."

Kesho yake, saa ya chakula, Magdalena alisimama kwenye geti la kiwanda na karatasi ya mashahidi mkononi. Walimsalimia wote. Walimpa pole wote. Rahabu, aliyeketi pembeni ya Witness miezi yote ile wakigawana uzi, aliipokea karatasi, akaisoma mpaka mwisho, akamrudishia.

"Dada Magdalena, mimi hapa nimeshika namba ya wifi yangu. Nikuandikie jina. Jina lipi?"

Kengele ikalia, wakaingia ndani.

Ukutani, ndani ya geti, magunia ya mwezi uliopita yalikuwa yamepangwa yakisubiri lori. Mlinzi alimjua, akamwacha apite. Alipita kwenye midomo ya magunia mmoja baada ya mwingine, kiuno kikimchoma, akitafuta fundo moja lililosahauliwa, mkia mmoja tu uliolala kulia. Alifika mwisho wa mstari akaanza upya. Mizunguko miwili, kushoto. Mizunguko miwili, kushoto. Alimfundisha vizuri mno.

Faili bado liko ofisini kwa kina Rahma. Witness anajifunza kuandika kwa mkono wa kushoto, kwenye daftari la mistari mipana alilonunuliwa na Swaumu. Anayeanza kuandika anahitaji maneno ya kuandika, na Magdalena, na darasa lake la saba, anakaa mlangoni akimtajia. Ukurasa ukikamilika wataubandika pale bombani. Herufi zinapanda, zinateremka, upepo unaufunua ukurasa na kuufunika. Chini imeachwa nafasi ya jina, bado haijajazwa. Sentensi ya mwisho mama yake hakuitaja.

Usimwachie msimamizi akutajie jina hospitalini.

Usizungushe uzi vidoleni karibu na mkanda wa mashine.

Usifunge bendeji pasipo na kidonda.

Usinyamaze kwa sababu imebaki miezi mitatu.

Usifunge fundo la mtu mwingine.

Usimshikie mtu namba, hata akikuomba kwa upole, hata akiwa mama yako.